Mama Ameacha Dawa za Sukari, Anasema Mikono ya Mama Mdogo Inamtosha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha fizikia na hesabu. Nina miaka 34 na ninaishi Kibaha. Mama yangu yuko Muheza, ana miaka 63. Alikutwa na sukari miaka tisa iliyopita, mwaka mmoja baada ya baba kufariki, na tangu hapo amekuwa akitumia metfomini na glibenklamaidi pamoja na kidonge kimoja cha presha. Hakuwahi kukosa kliniki. Kadi yake ameifunika nailoni kama cheti cha ndoa.

Mapema mwaka huu mama mdogo, yule aliyemfuata mama ziwa, alikwenda Dar es Salaam kusomea uponyaji wa nishati. Walimfundisha reiki. Alilipa shilingi 600,000 kwa hatua ya kwanza, akarudi na cheti, akapanga chumba pale Tanga mjini. Ametandika mkeka na godoro jembamba, ananukiza ubani, anaweka muziki wa taratibu. Ukilala, anapitisha mikono juu ya mwili wako bila kukugusa, halafu anaituliza mabegani, tumboni, miguuni. Anachukua karibu saa nzima. Anasema elimu hii ina maelfu ya miaka.

Mama alianza kwenda kila Jumamosi. Nisiwe mwongo, nilifurahi. Alikuwa halali usiku kwa sababu ya miguu kuwaka moto, sasa akawa analala. Sauti yake kwenye simu ikachangamka. Mama mdogo hadai pesa ya kikao kwa dada yake, ila alimuuzia kidani cha nishati kwa shilingi 180,000, ambazo mama alizitoa kwenye mkopo wa kikoba. Hata hilo nililimeza.

Kisha mama mdogo akamwambia kwamba vidonge vinaziba njia za nishati, avipumzishe siku arobaini. Hii ni wiki ya nne.

Nilikwenda Muheza likizo fupi nikampima asubuhi kabla ya chai. Mashine ilisoma 17.8. Nilimwonyesha. Akaangalia, akatabasamu, akasema: "Hiyo inapima damu, mwanangu. Haipimi nishati. Si wewe unayewafundisha watoto wa watu kwamba nishati haipotei, inabadilika umbo tu?" Shangazi, nilikosa jibu mbele ya mama yangu kwa somo ninalofundisha miaka kumi.

Ili kumridhisha nilikwenda naye Tanga, nikalala kwenye lile godoro. Nilisikia joto. Lilianzia viganjani, likapanda mikononi, vinyweleo vikasimama. Nimeona aibu kumwambia mtu yeyote, lakini wewe nakwambia.

Kaka yangu mkubwa amesema hayo ni majini, akampigia simu mama mdogo akamtukana. Sasa mama ametangaza kwamba atakayemsema vibaya mdogo wake asikanyage kwake. Nimebaki katikati. Nimwambieje mama arudie dawa bila kumvunjia heshima? Na mimi nilisikia nini kwenye lile godoro?

Nimesahau: ana kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, alikanyaga kijiwe kikaingia kwenye kandambili. Anasema hakimuumi. Mama mdogo anakiwekea mikono, na miguu anaiwekea mawe ya moto yaliyofungwa kitambaa.

Mwalimu, Kibaha

Marahaba, Mwalimu.

Nilikupigia simu kabla sijafika hata kwenye jina lako, kwa sababu ya yale maneno uliyosema umeyasahau. Nitayarudia hapa niliyokwambia, maana najua wapo wengine wenye mzazi wa namna hii, na barua zao bado hazijaandikwa.

Nimefanya uuguzi miaka 29, na kumi na mmoja kati ya hiyo nilikuwa kliniki ya sukari. Kidonda cha mguu kwa mtu mwenye sukari ya 17.8 hakisubiri tukubaliane kuhusu nishati. Kinakwenda kuonwa leo. Sukari ikikaa juu hivyo, kinga ya mwili inalegea, kidonda hakifungi, na wadudu wa maradhi wanapata pa kukaa. Neno lililonitia hofu kuliko yote ni lile mama alilolisema kwa kujipongeza: hakimuumi. Kijiwe kimetoboa unyayo na mwenye mguu hakuhisi. Maana yake mishipa ya fahamu ya miguu imeanza kufa, na sukari ndiyo inayoiua. Hapo nyuma ilikuwa inawaka moto usiku kwa sababu ilikuwa inaumia. Moto huo ukitulia tunapenda kudhani mgonjwa amepona, na mara nyingine amepata nafuu kweli. Mara nyingine umetulia kwa sababu hakuna tena kilichobaki cha kuwaka.

Na mawe ya moto, Mwalimu, yaondolewe leo hiihii. Mguu usiohisi kijiwe hauhisi kuungua. Nimefunga vidonda vya watu walioota moto wa mkaa, waliotumbukiza miguu kwenye maji ya chumvi yaliyochemka, waliolala na chupa ya maji moto msimu wa baridi kule Lushoto, na kila mmoja aliniambia kwamba hakusikia kitu.

Kuhusu vidonge, asirudie kwa kukisia na asizidishe eti kufidia wiki nne. Glibenklamaidi ikizidi inaweza kuishusha sukari chini mno, mtu akatoka jasho, akatetemeka, akachanganyikiwa. Aende akapimwe, daktari aamue aanzie wapi. Kiu isiyokwisha, mkojo wa mara kwa mara, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida au maneno yasiyoeleweka, hayo yakitokea hata saa nane za usiku tafuta gari.

Uliniambia kwenye simu kwamba amekubali kwenda kuoshwa kidonda lakini vidonge bado hataki. Haya, sasa tuzungumze.

Ulisikia joto. Sina sababu ya kukukatalia, na usijikatalie mwenyewe. Ngozi ya kiganja ina joto la nyuzi 30 na kitu. Ukikileta karibu na ngozi nyingine, hewa iliyo katikati inapata joto, na ngozi ni fundi hodari wa kutambua joto dogo. Zaidi ya hapo, ulikuwa umelala kimya, macho umefumba, umeambiwa usikilizie viganja vyako. Jaribu sasa hivi ulipokaa. Usikilizie kidole chako kidogo cha mguu wa kushoto kwa dakika moja. Si kimeanza kuwasha, si unakihisi kuliko ulivyokihisi mchana kutwa? Hakuna aliyekipitishia mkono.

Kwa hiyo kuhisi kupo. Kinachogombewa ni maelezo ya ulichokihisi, na hapo ndipo mama alipokutega kwa neno. Nishati unayoifundisha inapimwa kwa juli. Unaweza kusema ni kiasi gani, imetoka wapi, imekwenda wapi, na hesabu zikafunga. Muulize mama mdogo, kwa adabu, ile ya kwake ni kiasi gani, kifaa gani kinaionyesha, na ikihama kutoka kwake kwenda kwa mama yeye anapungukiwa na nini. Hatakuwa na jibu, na si kwa sababu hana akili. Ni maneno mawili yanayofanana sura. Mtu akisema moyo wake umekataa, hatumpeleki kupimwa mapigo. Neno "nishati" kwenye kile chumba linafanya kazi ya namna hiyo, linataja hali anayojisikia mtu. Shida inaanza linapovaa koti la fizikia na kuingia kabatini kutoa vidonge.

Na hiyo ya maelfu ya miaka si kweli. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui, mwaka 1922. Bibi yangu mzaa mama alikuwa ameshazaliwa. Mwanamke aitwaye Hawayo Takata ndiye aliyeipeleka Hawaii miaka ya 1930, na huko ndiko ilikotokea kuzunguka dunia. Ugeni wake haumaanishi ubaya, hata metfomini ni ya juzi. Nakwambia ili uone jinsi umri unavyotumika kama ushahidi.

Sasa nikusimulie kisa kimoja, kwa sababu wewe ni mwalimu na kinahusu mtoto wa shule. Marekani, jimbo la Colorado, kulikuwa na binti wa miaka tisa aitwaye Emily Rosa. Wauguzi wengi wa huko, wenzangu kabisa, walikuwa wamefundishwa tiba ya kupitisha mikono juu ya mgonjwa bila kumgusa. Walisema wanaihisi nishati ya mwili wa mtu kwa viganja. Emily hakubishana nao. Alitaka mradi wa sayansi wa shuleni tu. Akachukua ubao wa kadibodi akautoboa matundu mawili chini. Mponyaji anakaa upande huu, anapitisha mikono yake matunduni, viganja juu, haoni upande wa pili. Emily anarusha sarafu kuamua, kisha anasogeza mkono wake juu ya kiganja kimoja, kwa umbali wa sentimeta nane mpaka kumi. Anauliza, mkono wangu uko juu ya upi, wa kulia au wa kushoto?

Basi. Ni hivyo tu. Mtu anayesema anaweza kuhisi tumbo lenye nishati iliyoziba, je, anaweza kuhisi kama kuna mkono wa mtoto hapo juu au hakuna?

Walijitolea waponyaji 21, wenye uzoefu wa kuanzia mwaka mmoja hadi 27. Walijaribiwa mara 280. Walipatia mara 123, yaani asilimia 44. Wewe ni wa hesabu, unajua kwamba mtu aliyefumba macho akabahatisha angepata kama nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, Emily akiwa na miaka 11. Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilikuwa zamu ya usiku, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakoma. Nilifikiria mambo mangapi tunayafanya wodini miaka nenda miaka rudi, kwa roho safi, na hakuna aliyewahi kuyawekea ubao wa kadibodi.

Roho safi, neno hilo nataka ulishike. Wale 21 hawakuwa matapeli. Tapeli gani angekubali kukaa mbele ya kadibodi ya mtoto? Walihisi kitu kwa mikono yao kila siku, kama ulivyohisi wewe, na hawakuwahi kujaribu wakiwa hawaoni. Mama yako mdogo ni mtu wa namna hiyo, kwa ninavyomsoma kwenye barua yako. Amelipa laki sita zake. Anampa dada yake saa nzima kila Jumamosi bure. Kaka yako alipomtukana kwa majini alikosea mara mbili: amemvunjia heshima mama yake mdogo, na ameyahamisha mazungumzo kutoka kwenye sukari, ambayo ina namba, kwenda kwenye majini, ambayo kila mtu anaweza kubishana mpaka asubuhi. Mwambie ampigie amwombe radhi. Naomba asiweke "lakini" katikati ya radhi hiyo.

Utaniuliza, kama hakuna kinachohama, mbona mama alianza kulala? Kulala kwake ni kweli. Nitakupa mfano wa zamani kidogo. Mwaka 1796 daktari mmoja wa Marekani, Elisha Perkins, alipata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya vijiti viwili vya chuma. Unapitisha vijiti hivyo juu ya panapouma, vinavuta umeme mbaya nje ya mwili. Watu walinunua kwa bei kubwa, na wengi walipona maumivu, wakaandika barua za shukrani. Mwaka 1799 daktari wa Uingereza, John Haygarth, katika mji wa Bath, akachonga vijiti vya mti, akavipaka rangi vifanane na vile vya chuma, akavipitisha juu ya wagonjwa watano wa maumivu ya viungo. Wanne wakasema wamepata nafuu. Kesho yake akatumia vya chuma vyenyewe, matokeo yakawa yaleyale.

Nafuu ile haikuwa uongo. Mgonjwa amelazwa, mtu mwenye heshima ameinama juu yake, amemshughulikia kwa utulivu, amemwambia itapungua. Maumivu, wasiwasi na usingizi ni vitu vinavyosikia maneno na mikono ya watu. Mama yako ni mjane, analala peke yake, anaamka peke yake. Jumamosi anapata saa nzima ya mdogo wake akimgusa miguu. Ningelala hata mimi.

Ila sukari haisikii. Hapo ndipo penye mpaka, na nikikaa nawe barazani usiku mzima ningerudi hapohapo. Sukari haiumi. Mtu anaweza kutembea na 17 akasema yuko mwepesi, akaenda kikobani, akacheka, na huku macho, figo na miguu vinaharibika taratibu. Ndiyo maana ikatengenezwa mashine ya kumtoboa kidole. Kama ingekuwa inahisika, tungemuuliza tu mgonjwa. Mwaka 2011, wakati magari yamejipanga kilometa kwa kilometa kuelekea Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500, kwenye wodi niliyokuwa nikifanya kazi tulipokea watu waliokuwa wameacha insulini na wengine dawa za kufubaza virusi. Simlaumu aliyewapa kikombe, na wengi wao walisema hakuna aliyewaambia waache. Waliacha wenyewe, kwa sababu walijisikia wazima. Mama mmoja aliniambia, "Nesi, nilikuwa sijawahi kujisikia vizuri hivi." Alisema hivyo akiwa kwenye dripu. Sura yake ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo usiende Muheza kumnyang'anya mama Jumamosi yake. Ukiutaja ule mkeka kama upuuzi, atautetea mkeka, na vidonge vitasahaulika. Nenda ukiwa na jambo moja. Ungekuwa mwanangu ningekwambia useme hivi, kwa maneno yako: "Mama, sikuja kukukataza kwa mama mdogo. Endelea kwenda. Mimi naomba dawa zirudi, na naomba tuandike namba za mashine kila asubuhi kwenye daftari, wewe mwenyewe ushike kalamu." Akikwambia mashine haipimi nishati, mkubalie. Ni kweli haipimi. Mwambie hicho inachokipima ndicho kilichomtoboa mguu bila yeye kusikia. Halafu nyamaza, mwache akae na neno hilo. Ninyi walimu mna tabia ya kujaza kimya.

Daftari hilo lina kazi. Kwa wagonjwa wengi tunataka sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 7, ingawa kwa mtu mzima wa umri wake daktari anaweza kulegeza kidogo. Wiki nne za mikono bila vidonge zimeleta 17.8. Mtaona wiki nne za vidonge pamoja na mikono zitaleta ngapi. Mama aliyeitunza kadi yake ndani ya nailoni miaka tisa ni mtu wa kumbukumbu, ataisoma tofauti mwenyewe.

Mama mdogo ndiye ufunguo, naye umfuate peke yake, uchukue hata kilo ya sukari guru au kitenge, uketi chini. Usimletee habari ya Emily. Mweleze habari ya kidonda, mpe namba, mwambie unaogopa. Halafu muulize kama mwalimu wake wa Dar alimfundisha kuwaachisha watu dawa. Nina sababu ya kusema hivyo: walimu wengi wa reiki wenyewe, hata vyama vyao vya nje, huwaambia wanafunzi kwamba kazi yao inakwenda sambamba na hospitali na kwamba mtu asiachishwe dawa. Mpe nafasi ya kuwa upande wa dada yake bila kuaibika. Neno "rudia vidonge, dada" likitoka kinywani mwake litafanya kazi ambayo barua yangu haiwezi. Na akikataa, akasisitiza zile siku arobaini, hapo itisha kikao cha wakubwa wa ukoo, maana sasa litakuwa jambo la kumwokoa mtu na si la kulinda adabu.

Kidani kinivulieni. Hapa sisubiri mazungumzo. Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi inayosimamia usalama wa mionzi ilitangaza bidhaa kumi, vikiwemo vidani, bangili na barakoa ya kulalia, zilizouzwa kwa madai ya nishati na ya kumkinga mtu na mitambo ya simu. Zilipopimwa zilikutwa zinatoa mionzi, na watu wakaambiwa waache kuzivaa. Baadhi ya vitu vya namna hii hutengenezwa kwa unga wa mawe yenye thoriamu, madini yanayotoa mionzi. Mionzi yake ni midogo, lakini kidani kinalala kwenye ngozi usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Sisemi cha mama yako ni cha aina hiyo. Nasema kikae mbali na mwili na mbali na wajukuu, kisivunjwe wala kusagwa, na ukitaka uhakika Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ipo Arusha na ina vipimo. Hizo 180,000 za kikoba, kama unaweza, zilipe wewe kimyakimya. Deni la kikoba linamfanya mtu atetee alichokinunua.

Nina jambo nawe pia, na nitalisema kama mama. Umeniandikia kwamba unaongea naye kwa simu, ulikwenda likizo ukampima. Namba umeiona. Ule unyayo uliuona lini kwa macho yako? Sisi wa kliniki tumemkosea mama yako vilevile. Anafika saa kumi na mbili asubuhi, anaingia kwa daktari saa tano, anaulizwa maswali matatu, anaandikiwa dawa zilezile. Miaka tisa, na sitashangaa kama hajawahi kuvuliwa viatu. Kisha tunashangaa anampenda anayemshika miguu.

Basi ukifika Muheza mshike wewe. Liko jaribio dogo lililobuniwa na wauguzi na madaktari wa Ipswich, Uingereza, halihitaji kifaa chochote. Mlaze mama, avue soksi, afumbe macho. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi umemgusa. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada gusa, taratibu, bila kusukuma wala kupapasa, kwa sekunde moja au mbili: ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidogo cha mwisho, halafu hamia mguu wa kushoto ufanye vilevile, umalizie na kidole cha katikati cha kila mguu. Miguso sita. Asipohisi miwili au zaidi, miguu yake imepoteza hisia. Iandike kwenye lile daftari, siku ya kliniki umwonyeshe daktari kabla hajauliza.

Utaona kwamba ni jaribio la Emily lilelile, mtu hatazami na unamuuliza mkono uko wapi. Ila hapa unamgusa kweli.

Kaa hapo miguuni usiondoke haraka. Kagua katikati ya vidole, nyayo, visigino, tumia kioo ukihitaji. Osha kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake. Kausha, paka mafuta ya mgando, ila usiyapake katikati ya vidole. Mnunulie viatu vya kufunika vidole, kandambili ziishie bafuni, na mjukuu afundishwe kumkung'utia bibi yake kiatu kabla bibi hajakivaa. Mwite na mama mdogo aje aone unavyofanya. Mikono yake tayari inajua kutulia, tena ana Jumamosi zake zote. Akijifunza kukagua nyayo za dada yake kila wiki, mama atakuwa amepata kitu ambacho kliniki yangu haikuweza kumpa.

Ulisema kwenye simu kwamba kliniki yake ni Jumanne. Panda basi Jumatatu. Vidonge vyote vitieni kwenye mfuko mmoja, hata vilivyopitwa na wakati, na muende navyo. Kisha niandikie miguso mingapi aliihisi.

Shangazi